Soko la Kingston na Shamba la Mlimani: Maisha ya Kila Siku katika Kisiwa cha Jamaika

Bila shaka wasomaji wengi wamekwisha kulisikia jina la Jamaika. Wengine wamelisikia kwa ajili ya muziki wake, wengine kwa ajili ya wakimbiaji wake wa mbio fupi. Na waliosoma habari za kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953 watakumbuka kwamba Dudley Thompson, wakili aliyelelewa Jamaika na aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi, katika Tanganyika, alikuwa mmoja wa wale waliosaidia kuwakusanya mawakili wa kumtetea Jomo Kenyatta. Lakini jinsi watu wa kisiwa hicho wanavyolima, wanavyouza na wanavyokula ni jambo lisilojulikana sana huku kwetu. Picha tuzionazo ni za mchanga mweupe na hoteli kubwa. Hoteli hizo zipo kweli, hasa katika pwani ya kaskazini, Montego Bay na Ocho Rios, nazo huiingizia nchi fedha nyingi. Lakini msafiri aweza kukaa ndani ya ukuta wa hoteli siku kumi asizungumze na Mjamaika yeyote ila yule amleteaye chai asubuhi.

Atakaye kuijua nchi yenyewe na aende mahali pawili: sokoni na shambani. Huko ataona jinsi watu ambao babu zao walifunguliwa kutoka utumwani bila ya kupewa hata kipande cha ardhi walivyojitafutia maisha yao wenyewe, na kwa nini maisha hayo mpaka leo hayajapata salama.

Jamaika ni kisiwa kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 10,990 tu, hata visiwa vya ukubwa huo zaidi ya hamsini vingeweza kuenea ndani ya Kenya; na watu wake ni kiasi cha milioni mbili na laki nane. Mgeni hutazamia kuona tambarare ya pwani, naye hustaajabu kuona milima ikimsimamia mbele mara tu aingiapo Kingston, mji mkuu. Kilele kirefu kuliko vyote, Blue Mountain Peak, kina mita 2,256. Hakifiki nusu ya Mlima Kenya, lakini kwa kuwa chainuka karibu na bahari huonekana kirefu kuliko kipimo chake. Ardhi tambarare ni chache, na ardhi hiyo chache ilishikwa na mashamba makubwa ya miwa kwa muda mrefu sana tangu Waingereza walipowanyang'anya Wahispania kisiwa mwaka 1655. Nusu ya habari za Jamaika imo katika jambo hilo moja: tambarare ilikuwa ya miwa, na watu wakaachiwa milima.

Msafiri atokaye Kenya hataona mambo yote kuwa mageni. Magari hupita upande wa kushoto. Wanafunzi wa kiume huenda shuleni wamevaa kaki iliyopigwa pasi. Magari madogo ya abiria, yenye namba nyekundu, hupita njia zake yakiita watu na kujaza mpaka mlango haufungiki vizuri, na hapo hahitaji mtu kumweleza chochote. Jambo moja tu na alishike mapema: aingiapo ndani ya gari hilo, au dukani, au katika chumba cha kungojea daktari, na awasalimu wote waliomo kwa sauti. Asiyesalimu huonekana hakulelewa vyema. Na kama ni jioni, asishangae kuambiwa "usiku mwema" na mtu anayefika. Kwa Wajamaika maneno hayo ni ya kuamkiana, wala si ya kuagana peke yake. Mwanamke mtu mzima huitwa "Miss" pamoja na jina lake la kwanza, hata awe na wajukuu ishirini.

Sasa twende sokoni. Soko kubwa la Kingston laitwa Coronation Market, nalo liko upande wa magharibi wa mji wa zamani. Sehemu yake iliungua wakati wa ghasia za mwaka 2010, kisha likatengenezwa upya. Kuanzia Alhamisi malori hushuka kutoka mikoa ya mashambani yamejaa magunia, na juu ya magunia wameketi wanawake. Hao ndio wachuuzi ambao huko huitwa mahigla. Mchuuzi wa namna hii hununua mazao kwa majirani zake wa kijijini, huyachanganya na ya shamba lake, huyasafirisha, hulala nayo pale sokoni, na Jumamosi jioni hurudi kwake na fedha, pamoja na vitu vya dukani ambavyo majirani wamemwagiza. Wengi walirithi kazi hiyo kwa mama zao, pamoja na mahali pa kukaa na wanunuzi waliozoeana nao.

Mazao hupangwa mafungu au hupimwa kwa ratili. Kuna viazi vikuu vya rangi ya manjano na vyeupe, vikubwa kama paja la mtu. Kuna majimbi, ndizi, muhogo, tangawizi, nyanya, vitunguu vya majani, na ile pilipili kali yenye harufu nzuri ambayo watu wa pwani yetu wangeifananisha na pilipili mbuzi. Mnunuzi hubishana bei, lakini si sana, kwa kuwa baada ya bei kukubaliwa lipo jambo la pili lililo muhimu zaidi, nalo ni nyongeza. Wao huiita brota. Mchuuzi asiyetia nyanya moja au shina la kitunguu juu ya kipimo hapotezi nyanya, hupoteza mteja.

Mtu aweza kuuliza kazi hii ya wanawake ilianza lini. Ilianza katika utumwa wenyewe. Katika visiwa vingine vya miwa wenye mashamba waliwalisha watumwa kwa chakula kilicholetwa na meli. Jamaika ilikuwa na milima mingi isiyofaa miwa, basi wenye mashamba waliona ni nafuu kwao kuwapa watumwa vipande vya ardhi huko juu, wajilimie wenyewe siku moja au nusu ya siku katika juma, baada ya kazi ya kuua ya siku nyingine. Haukuwa wema, ilikuwa hesabu ya gharama. Lakini watumwa walilima zaidi ya walichokula, na kilichosalia wakakichukua sokoni siku ya Jumapili. Edward Long, mmoja wa wenye mashamba, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1774 kwamba sehemu kubwa ya sarafu ndogondogo zilizokuwa zikizunguka kisiwani ilikuwa mikononi mwa watumwa. Hebu msomaji alifikirie neno hilo. Mtu ambaye kwa sheria alikuwa mali ya mwenziwe alikuwa na soko lake, bei zake na akiba yake, na yule aliyejiita bwana hakuweza kupata kuku au mayai kwa chakula chake cha Jumapili ila kwa kununua kwake.

Utumwa ulikwisha kwa hatua mbili. Mwishoni mwa mwaka 1831 watumwa wa magharibi ya kisiwa, wakiongozwa na Samuel Sharpe, shemasi wa Kibaptisti, walikataa kurudi kazini bila ujira. Ikawa vita, na Sharpe alinyongwa mwezi wa Mei mwaka 1832. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa mwaka 1833. Tarehe 1 Agosti 1834 sheria hiyo ilianza, lakini watu wakalazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale kwa muda zaidi, na uhuru kamili ukafika tarehe 1 Agosti 1838. Serikali ya Uingereza ilitenga paundi milioni ishirini za kuwafidia wenye watumwa katika makoloni yake. Watumwa wenyewe, ambao Jamaika peke yake walizidi laki tatu, hawakupewa hata peni.

Hapo ndipo lilipoanza shauri la ardhi, nalo halijakwisha. Wenye mashamba walitaka watu waliofunguliwa wabaki katika vibanda vile vile na wafanye kazi kwa ujira mdogo, na wengi waliwatoza kodi ya kibanda na ya kipande kile cha mlimani walichokilima tangu zamani, aliyekataa alifukuzwa. Baadhi ya wahubiri wa Kibaptisti walikuwa wameona mapema kwamba mambo yangekuwa hivyo. James Phillippo alikuwa amenunua ardhi milimani juu ya Spanish Town mwaka 1835, kisha ikagawanywa vipande vipande na kuuzwa kwa watu waliokuwa watumwa. Kijiji hicho chaitwa Sligoville, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha watu huru katika Jamaika. Vijiji vingi vilifuata namna hiyo. Fedha za kununulia zilitoka wapi? Zilitoka katika soko la Jumapili.

Si wote waliofanikiwa. Mapema mwaka 1865, wakati wa ukame na njaa, wakulima maskini wa St Ann walimwandikia Malkia Victoria wakiomba kukodishiwa ardhi ya Serikali iliyokuwa wazi. Jibu lililobandikwa kila mahali liliwaambia wafanye kazi ya ujira kwa bidii. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kulitokea maasi ya Morant Bay, na majeshi ya Gavana Eyre yaliua watu zaidi ya mia nne. Paul Bogle, aliyewaongoza watu wa mashariki, alinyongwa. Leo yeye na Sharpe wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa.

Msafiri apandaye milimani leo ataviona vijiji hivyo kwa macho yake. Nyumba ni ndogo, za mbao au za matofali ya saruji, zimeezekwa mabati na kupakwa rangi zilizokolea. Kuizunguka nyumba kuna miti iliyopandwa kwa mchanganyiko ambao mgeni wa haraka huudhani kuwa ni msitu: mwembe, mnazi, migomba, mshelisheli, michungwa, na mti wa aki ambao nitaueleza mbele. Karibu na nyumba, aghalabu, pana makaburi ya familia yaliyojengwa kwa saruji. Hayo makaburi ni kama hati ya ardhi. Huonyesha kwamba hapa walizikwa walionunua, na wote waliozaliwa nao wana haki hapa.

Ardhi ya namna hiyo huitwa ardhi ya familia. Haiuzwi, wala haigawanywi kwa mtoto mmoja mmoja. Ni ya kizazi chote cha yule aliyeinunua kwanza, wanaume na wanawake sawasawa, waliozaliwa katika ndoa na nje ya ndoa, aliyebaki kijijini na aliye London. Edith Clarke, mwanamke wa Jamaika aliyechunguza maisha ya familia za huko, aliieleza vizuri desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1957. Ilikuwa kawaida pia mtoto azaliwapo kuzika kitovu chake ardhini na kupanda mti juu yake, na mti huo ukawa wake. Msomaji wa Kiswahili, ambaye husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, hahitaji mkalimani.

Ardhi ya familia imewaokoa wengi. Mtu akikosa kazi mjini, au akiugua, ana mahali pa kurudi, na hakuna wa kumwambia ondoka. Lakini yafaa kusema na upande wa pili. Sheria iliyorithiwa kwa Waingereza hutambua hati yenye jina la mtu, na hati ya ardhi ya familia, kama ipo, pengine ina jina la babu aliyekufa miaka mia iliyopita. Mwenye kulima hawezi kuiweka rehani benki apate mkopo wa mfereji wa maji. Ndugu arudiye kutoka ng'ambo hukuta binamu amejenga mahali alipopataka, na ugomvi huanza. Nionavyo mimi, wale wasemao kwamba desturi hii ni ya kizamani na ifutwe hawajafikiri ni nani angekuwa na ardhi leo kama ingaliuzwa tangu mwanzo. Lakini mkulima aliyenyimwa mkopo hafarijiki kwa maelezo hayo.

Katika sehemu za magharibi, Wamaruni wa Accompong wana ardhi yao kwa njia nyingine kabisa. Babu zao walikuwa watumwa waliotoroka, wakapigana na Waingereza katika milima ya chokaa mpaka Waingereza wakataka amani. Mkataba uliwekwa mwaka 1739 na kiongozi wao Cudjoe, na mpaka leo watu wa Accompong huishika ardhi kwa pamoja na kuisherehekea siku yao tarehe 6 Januari.

Kati ya mikoa yote ya kilimo, ule ambao ningependa wakulima wetu wa sehemu kavu wausikie ni St Elizabeth, upande wa kusini. Milima huuzuilia mvua, udongo ni mwekundu, na jua ni kali. Hata hivyo mkoa huo hulisha sehemu kubwa ya nchi kwa mboga. Siri yake ni nyasi. Mkulima hutenga sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya nyasi ndefu za Guinea, ambazo asili yake ni Afrika, huzikata, huziacha zikauke, kisha huzitandaza shambani kwa unene wa kiganja na kupanda vitunguu vya majani, nyanya, karoti na matikiti ndani yake. Nyasi hizo huuzuia unyevu usitoke, huzuia magugu, na zikioza huurutubisha udongo. Maji yaweza kuletwa kwa lori na kumwagwa kwa kopo kwenye shina moja moja. Ni kazi ya mgongo, na mwenye nyasi nyingi aweza kuwauzia wenziwe wasio nazo.

Adui wa mkulima huyo si ukame tu. Wezi wa mazao huingia mashambani usiku na gari, wakang'oa viazi au kuchukua mbuzi, na asubuhi mazao yako sokoni. Sheria humtaka auzaye awe na stakabadhi ya kuonyesha aliyapata wapi, na adhabu zimeongezwa, lakini muulize mkulima yeyote wa huko ni jambo gani limuumizalo moyo, naye hatakutajia mvua. Mambo ya jeuri ya silaha katika mitaa fulani ya miji yamejulikana duniani, nayo ni kweli, na msafiri atashauriwa asipite kila mahali. Wizi wa mashambani haujulikani nje, na huenda ukawavunja moyo watu wengi zaidi.

Habari za chakula zataka nafasi yake. Chakula cha taifa ni aki na samaki wa chumvi. Aki ni tunda lililoletwa kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 18. Ganda lake ni jekundu, na ndani mna nyama ya rangi ya manjano ambayo ikipikwa hufanana na mayai yaliyovurugwa. Likiwa bichi lina sumu ya kuua mtu. Ni lazima liachwe juu ya mti mpaka lijifungue lenyewe, na kila mtoto wa Jamaika hufunzwa hilo kabla ya kusoma. Samaki wa chumvi naye aliletwa na meli kutoka bahari baridi za kaskazini awe chakula cha bei nafuu cha watumwa. Basi sahani moja ina utumwa upande mmoja na Afrika upande wa pili, na watu huila kwa furaha asubuhi ya Jumapili. Mchana wa siku hiyo hupikwa wali wa nazi pamoja na maharagwe, na wakati wa Krismasi maharagwe hubadilishwa kwa mbaazi. Mtu wa Lamu au Mombasa akiketi mezani hapo hatauliza maswali mengi. Mchicha waitwa kalalu. Shelisheli huchomwa motoni mpaka ganda liwe jeusi. Mti wake uliletwa kutoka Tahiti na Kapteni Bligh mwaka 1793, baada ya safari yake ya kwanza kuvunjika kwa maasi ya mabaharia. Mchuzi wa mbuzi wenye bizari ni urithi wa Wahindi, ambao walianza kuletwa kwa mkataba wa kazi mwaka 1845, nusu karne kabla ya wenzao kuletwa Mombasa kujenga reli.

Lugha ya serikali na ya vitabu ni Kiingereza, lakini lugha ya soko ni Patwa, iliyochanganya maneno ya Kiingereza na sarufi na maneno ya Afrika Magharibi. Kula huitwa "nyam", na Mswahili akilisikia neno hilo karibu na chungu atadhani ameelewa, naye hatakuwa mbali. Wanafunzi wa zamani waliadhibiwa kwa kuisema shuleni. Louise Bennett, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufa mwaka 2006, alitunga mashairi yake kwa Patwa wakati waliosoma walipoiona aibu, na kwa miaka mingi akayasema jukwaani na redioni mpaka aibu ikapungua. Hadithi wasimuliazo watoto ni za Anansi, buibui mjanja aliyetoka kwa Waakani wa Ghana. Kazi afanyazo ni zile zile ambazo huku kwetu hufanywa na Sungura. Na lile jina la Cudjoe nililolitaja juu ni la Kiakani, la mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumatatu, kama Waluo wampavyo mtoto jina kwa wakati aliozaliwa.

Mtu akifa, majirani hukusanyika kila jioni, na usiku wa tisa huwa mkubwa: huimbwa tenzi, hupigwa dhumna kwa kishindo, huliwa samaki wa kukaanga, na habari za marehemu husimuliwa pamoja na makosa yake. Ni matanga, kwa jina jingine.

Gharama za mambo hayo, na za ada za shule, na za mtaji wa sokoni, hulipwaje na watu wenye kipato kidogo? Hapa twakutana na jambo ambalo kila mama wa Pumwani analijua. Ni upatu. Wao huuita patna. Watu ishirini, tuseme, hutoa kiasi kile kile kila juma kwa mmoja wanayemwamini, ambaye huku tungemwita kijumbe, na kila juma mmoja hupewa jumla yote kwa zamu. Hakuna karatasi, kilichopo ni jina zuri la kijumbe, na likiharibika halitengenezeki. Wajamaika waliokwenda Uingereza kwa wingi baada ya meli ya Windrush kufika mwaka 1948 walikwenda na desturi hiyo, na wengi waliponyimwa mikopo na vyumba vya kupanga walinunua nyumba zao za kwanza kwa fedha za patna.

Kwenda ng'ambo ni sehemu ya maisha ya kila siku, hata kwa yule asiyekwenda. Karibu kila nyumba ina mtu London, New York au Toronto, au kijana aendaye kuvuna matunda Marekani au Kanada kwa miezi michache na kurudi. Fedha wapelekazo nyumbani zimezidi dola za Marekani bilioni tatu kwa mwaka katika miaka hii. Na tena kuna mapipa: pipa kubwa la karatasi ngumu hujazwa mchele, mafuta, sabuni, viatu na madaftari, na hufika bandarini kabla ya Krismasi. Mapipa hayo yamevisha watoto wengi. Yamewafanya pia wengine wawajue mama zao kwa njia ya simu na ya pipa tu, na walimu wa huko husema waziwazi kwamba mtoto wa namna hiyo huonekana darasani hata akiwa na viatu vipya.

Limebaki jambo la tufani. Kila mwaka kuanzia Juni hata Novemba watu husikiliza redio kwa hadhari. Wazee huhesabu miaka kwa Gilbert, iliyopita juu ya kisiwa chote mwezi wa Septemba 1988. Mwezi wa Julai 2024 tufani ya Beryl ilipita kando ya pwani ya kusini ikaharibu mashamba ya St Elizabeth. Watu walikuwa hawajamaliza kurudishia mabati yao yote wakati, tarehe 28 Oktoba 2025, Melissa ilipoingia nchi kavu karibu na New Hope, katika mkoa wa Westmoreland, kwa upepo uliozidi kilomita 280 kwa saa. Ilikuwa kali kuliko tufani yoyote iliyopata kuandikwa kuipiga Jamaika moja kwa moja. Mji wa Black River, ulio makao makuu ya St Elizabeth, ulivunjwa sehemu kubwa. Mishelisheli ya miaka mingi ilianguka, na nyumba zisizohesabika zikawa bila paa.

Katika hali kama hiyo shamba la mlimani na soko la mjini huonekana jinsi yanavyotegemeana. Mkulima hawezi kungojea viazi vikuu, ambavyo hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Kwanza hupanda mchicha na mboga nyingine za majani ambazo baada ya wiki chache zaweza kukatwa, ili mchuuzi apate cha kupakia katika lori. Vichwa vya viazi vikuu vilivyookolewa, ambavyo ndivyo mbegu, huwekwa kivulini na kufunikwa majani makavu, vikingoja udongo ukauke na vijiti vya kupandishia mashina vikatwe upya.